Shule ya kimataifa au shule ya serikali ya huko?

Mkihamia ugenini kwa mwaka mmoja au miwili, shule ya kimataifa humpa kijana mtaala unaohamishika. Lakini angalieni tarehe. Diploma ya IB (International Baccalaureate, cheti cha kimataifa cha kumaliza sekondari), iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, husomwa kwa miaka 2. Akiondoka kabla ya mitihani bila kuhamia shule nyingine ya IB, haipati. Hilo liulizeni hata kabla ya ada, ambayo kwa kawaida ni kubwa.

Shule ya serikali mara nyingi haina ada, na lugha ataiokota uwanjani kwa wenzake. Miezi ya mwanzo itamchosha, kweli.

Kwa kijana wa miaka 13 ningechagua ya serikali bila kusita. Wa 16 anayekaribia mitihani, ningelipa ada.