Uzoefu wangu na udongo wa unga wa mawe: kidoli cha yukata kilichovikwa kama maiti

Jamani nimeona niandike hii maana wakati natafuta mtu aliyeuelezea huu udongo kwa Kiswahili sikuambulia kitu, nikaishia kwenye video za Kijapani nazisimamisha kila baada ya sekunde 10 niangalie mikono ya mtu inafanya nini. Mi niko Fukuoka, Japani, mwaka wa tatu sasa, msanii mimi siyo, utotoni nilifinyanga ng'ombe na magari ya udongo kama watoto wote na elimu yangu ya ufinyanzi ikaishia palepale.

Nilichonunua ni pakiti moja ya gramu 500 ya wanachokiita sekifun nendo, udongo mweupe wa unga wa mawe uliochanganywa na gundi, unauzwa ukiwa laini tayari na bei yake haikufika yen 1000. Hauchomwi. Unakauka wenyewe kwa hewa na ndo sababu niliuchagua, kwa sababu ule mwingine wa polima unaosifiwa sana unataka ovena ya nyuzi 110 mpaka 130 hivi, na mi chumbani nina maikrowevu na jiko la gesi la moto mmoja.

Nilitaka msichana wa sentimita 12 aliyevaa yukata. Kwa asiyeijua, yukata ni vazi la pamba la kiangazi, halina bitana, zamani lilikuwa la kutokea bafuni na siku hizi utaliona watu wakienda kuangalia fataki au kucheza ngoma za Bon, sikukuu ya kiangazi ya kukumbuka wafu, chini wanavaa geta, viatu vya mbao, bila soksi. Kimono chenyewe kina matabaka mengi ndani kwahiyo nikajidanganya kwamba yukata ni rahisi, kitambaa kimoja tu unakizungusha mwilini basi. Subiri.

Mifupa nilitengeneza kwa waya wa aluminiamu wa milimita 2, halafu kifua na tumbo nikajaza foili ya jikoni niliyoikunja na kuibana mpaka ikawa ngumu, hapo unaokoa udongo na kidoli hakiwi kizito juu. Udongo wenyewe mkononi ni mtamu kwa kweli, ukiulowesha kidole kidogo unateleza kama siagi na alama za vidole zinafutika, ila ukizidisha maji unakuwa uji na hapo huna cha kufanya zaidi ya kuuacha upumzike. Mwili niliumaliza jioni moja. Pakiti ilisema utakauka ndani ya siku 1 mpaka 3. Sasa mi nilianza katikati ya Juni, na huku Juni mpaka katikati ya Julai hivi ni tsuyu, msimu wa mvua na unyevu unaofanya hata taulo likae siku mbili halijakauka, kwahiyo siku ya tatu kidoli bado kilikuwa baridi ukikigusa shavuni. Hicho ndo kipimo: kikiwa baridi, ndani bado kuna maji. Siku ya tano ndo kikakubali, tena baada ya kuwasha eisii kwenye ile sehemu ya kukausha hewa, bili ya umeme sitaki kuizungumzia.

Usiharakishe hapa. Mimi siku ya pili nilikipuliza na draya ya nywele nikaona najua sana, magoti yote mawili na kiwiko vikapasuka pale waya ulipopita, maana juu pameshakauka na kusinyaa wakati ndani bado pana maji. Nyufa zinazibika lakini, unachanganya udongo na maji kidogo uwe kama dawa ya meno, unajaza, unasubiri, unapiga msasa.

Nguo sasa. Nilisukuma udongo kwa chupa ya soda juu ya plastiki ya kufunikia chakula, unene kama milimita moja na nusu, nikakata vipande kama fundi cherehani: mgongo, pande mbili za mbele, mikono, kola. Hapa ndo nilipoupenda huu udongo rasmi, kwa sababu ukiuvalisha ukiwa mbichi unaanguka wenyewe kama kitambaa, ile mikunjo ya kwapani na ya kwenye kiwiko sikuichonga, ilijitokeza yenyewe nikairekebisha tu na stiki ya meno. Kola ya nyuma ya wanawake inavutwa chini ionyeshe shingo kidogo, nikaweka. Kiunoni kuna pindo la ziada linaitwa ohashori, vazi la kike linakuwa refu kuliko linavyohitajika halafu linakunjwa chini ya mkanda, nikaweka na hilo. Nilikuwa najisikia fundi haswa, nikakiacha dirishani kikauke siku nne.

Jumapili jirani yangu, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu anayeniletea matango ya bustani yake, akakiona. Akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza, akakaa kimya muda mrefu kidogo, halafu akaniuliza taratibu kabisa kama anaomba samahani: huyu binti amefariki?

Nikasema bibi, kwa nini tena. Akanionyesha kifuani. Yukata na kimono vyote, awe mwanamke awe mwanaume, upande wa kushoto wa mvaaji unakaa juu ya wa kulia. Kulia juu ya kushoto ni wanavyovalishwa maiti. Kuna na jina lake, hidarimae, na hilohilo neno wanalitumia kwa biashara inayofilisika. Kwahiyo kwa siku nne nilikuwa nimeanika maiti dirishani na wapita njia wote wanaiona. Kwetu mtu akijifunga kanga jina likasimama kichwa chini tunamcheka tu, hii ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Na mi nilikuwa nimenakili kutoka kwenye picha! Picha yangu mwenyewe, kiangazi kilichopita rafiki yangu alinivalisha vizuri tu nikajipiga selfi, kumbe simu yangu inahifadhi selfi zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Kushoto kote kikawa kulia. Bibi akanipa njia rahisi ya kukumbuka: ukimtazama mtu kwa mbele, kola iandike herufi y ndogo. Ikiandika kinyume, pole.

Basi hapo ndo ukawa mtihani wenyewe wa bidhaa. Kitu kimekauka siku nne, kigumu kama chaki, nikachukua kisu cha karatasi nikaanza kukwangua kifua chote kuanzia bega mpaka kiunoni, na haukumeguka ovyo, ulitoka vipande vyembamba kama unachonga penseli. Nikalowesha sehemu ile kwa brashi, nikaikwaruza ishike, nikapaka ule uji wa udongo halafu nikavalisha vipande vipya upande unaotakiwa. Umeshika. Mpaka leo mshono hauonekani hata ukiutafuta kwa tochi. Kwa hilo peke yake nautetea huu udongo popote.

Rangi nilitumia akriliki, bluu nzito karibu na nyeusi, na kwa kuwa udongo ni mweupe maua ya asagao, yale yanayochanua asubuhi, sikuyapaka kabisa, nilipaka bluu pembeni nikayaacha yenyewe. Ushauri: futa vumbi la msasa lote kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, mi niliacha kidogo mgongoni na rangi ikawa na chengachenga. Na ukipiga msasa vaa barakoa, hilo vumbi ni la mawe, linakaa kooni.

Obi, ule mkanda wa kiunoni, ndo nilipotaka kujionyesha. Fukuoka ndo kwenye Hakata-ori, mikanda ya hariri yenye mistari na maua ya kijiometria, ile inayolia kyu ukiikaza, kwahiyo nikaona binti yangu wa hapa hapa avae ya kwao. Brashi ya nywele tatu, mkono unatetemeka, mistari imetoka kama barabara ya mtaani baada ya mvua. Fundo la nyuma, lile linalofanana na kipepeo, nilitengeneza pembeni likakauka peke yake ndo nikaligundisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimeenda kwenye makumbusho madogo karibu na hekalu la Kushida kuangalia vidoli vya Hakata, vile vya udongo wa kuchomwa visivyong'arishwa, vilivyopelekwa mpaka maonyesho ya Paris mwaka 1900, na ningekushauri uende BAADA ya kumaliza chako, sio kabla. Zile ngozi za shingo zinakatisha tamaa.

Malalamiko sasa. Moja, vidole: kitu chembamba kuliko kijiti cha kiberiti kinakatika, mkono ulioshika kipepeo cha kujipepea nimeugundisha mara tatu na sasa anakishikia kwa maombi. Mbili, ukungu: niliufunga udongo uliobaki kwenye plastiki na kitambaa cha maji nikaona nimefanya la maana, baada ya wiki mbili una madoadoa meusi na harufu ya viatu vya mvua. Ufunge bila maji ya ziada uweke kwenye friji. Tatu, hauvumilii maji, hata baada ya vanishi usikiweke karibu na sinki.

Nyota 4 kati ya 5. Kidoli kimetumia labda robo ya pakiti, kwahiyo kwa pesa sina neno. Bibi amekiangalia tena wiki iliyopita, akaanza na kifua, akatikisa kichwa kukubali, halafu akaniambia mumewe enzi zake alikuwa anapendeza sana kwenye yukata, alikuwa anafunga obi nyembamba chini ya tumbo na ana kitambi kidogo. Nimemwambia nimeelewa bibi, ila anisubiri mvua ziishe.