Jumamosi Kumi za Kuchora kwa Kuangalia, Mji Mkongwe: Uzoefu Wangu

Nimefundisha Baiolojia katika skuli ya sekondari hapa Unguja kwa miaka kumi na sita, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiwahimiza wanafunzi wachore kilichopo mezani, wasichore walichokikariri. Mwaka jana, katika jaribio la vitendo, niliwawekea panzi aliyelala chali. Nilipokusanya karatasi nilikuta panzi wote wamesimama na wameelekea kushoto, kama yule wa kitabuni. Nilitaka kuwagombeza, lakini nilipoinua macho nikakiona kielelezo nilichokuwa nimekichora kwa mkono wangu kwenye karatasi ya manila na kukibandika ukutani: panzi amesimama, ameelekea kushoto. Wiki ile ile nilijiandikisha katika darasa la kuchora kwa kuangalia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Darasa hufanyika katika chumba cha chini cha nyumba ya kale, Mji Mkongwe, mwendo mfupi kutoka Darajani, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano na nusu, kwa wiki kumi. Ada ni shilingi 150,000, na ndani yake mna penseli nne, ufutio laini wa kukandwa kwa vidole na daftari la karatasi nene la ukubwa wa A4. Cheti hakuna, jambo ambalo kwangu lilikuwa dalili njema. Mwalimu ni mzee wa makamo ambaye sote tulimwita Maalim. Wenzangu walikuwa seremala wa kuchonga milango, watembeza wageni wawili, mama mmoja mshona mapazia na vijana wa chuo. Ieleweke tangu mwanzo kwamba hapa hapafundishwi picha za kuuzia watalii. Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwaka 1968 na ambao leo umejaa katika maduka ya vichochoro vyetu, una uzuri wake na kanuni zake, lakini haudai kwamba twiga awe mbele yako unapomchora.

Jumamosi ya kwanza tulitakiwa kuweka mkono wa kushoto juu ya meza, kuuangalia bila kuitupia jicho karatasi hata mara moja, na kuiacha penseli ifuate ukingo wa mkono kwa mwendo ule ule wa jicho, dakika 20 nzima. Nilichokipata kilifanana na kipande cha tangawizi. Hata hivyo, ndani ya tangawizi ile palikuwa na mkunjo mmoja juu ya kifundo cha kidole cha shahada ambao ulikuwa wangu hasa, na sikumbuki kuwahi kuchora mkunjo wa namna ile kwa kukusudia.

Somo lililonigeuza lilikuwa la pili. Maalim alikuja na mbuzi ya kukunia nazi, akaikunjua, akaiweka juu ya meza, kisha akatukataza kuichora. Tulitakiwa kuchora uwazi tu: pembetatu ndefu iliyo baina ya miguu iliyopishana, kipande kilichobaki kati ya mguu na meza, na lile umbo lisilo na jina lililo chini ya ulimi wa chuma. Kila mmoja wetu ameikalia mbuzi tangu utotoni, na hiyo ndiyo tabu yenyewe, kwa sababu mkono unajua kwamba miguu yake ina urefu sawa na kwamba kibao cha kukalia ni kipana, nao hulichora hilo unalolijua hata pale ambapo jicho, kwa pembe uliyokaa, linaona mguu mmoja mfupi kuliko mwenziwe na kibao kilichobanwa kama ukanda. Uwazi haukaririwi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuupa jina. Nilipomaliza uwazi wa saba, mbuzi ilikuwa imekwisha kujitokeza yenyewe katikati ya karatasi, imesimama imara juu ya miguu yake, na seremala aliyekaa ubavuni mwangu akaangua kicheko alipoiona ya kwake nayo imesimama.

Jumamosi mbili zilizofuata zilikuwa za kupima, na sitaficha kwamba zilinichosha. Unainyoosha penseli mbele yako, unafumba jicho moja, unalinganisha ncha ya penseli na ukingo wa juu wa kitu na kuweka kidole gumba kwenye ukingo wa chini, kisha unauliza upana wa mtungi unaingia mara ngapi katika urefu wake. Sentimita hazina kazi hapa. Kinachotafutwa ni uwiano. Mkono lazima unyooke kabisa, kwani ukikunja kiwiko hata kidogo penseli husogea karibu na jicho na kipimo cha pili hakitakuwa sawa na cha kwanza. Maalim alikuwa akipita nyuma yetu na swali moja tu, “Mwalimu, umepima au umekisia?”, na kila mara nilikuwa nimekisia.

Kisha vikaja vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, na sinia. Mdomo wa kikombe ni duara, lakini duara lililolala mbele ya jicho huonekana limebanwa, na karibu sote tulilichora likiwa na ncha mbili kali pembeni, kama kokwa ya tende, ilhali ukiliangalia halina ncha popote. Kosa la pili lilinihusu zaidi. Mdomo wa kikombe ukiwa sawa na jicho huonekana kama mstari, na kadiri duara linavyoshuka chini ya jicho ndivyo linavyofunguka. Kwa hiyo, katika chombo kilichonyooka, kitako hupinda zaidi kuliko mdomo. Mimi nimekuwa nikichora bika za maabara zenye kitako bapa tangu nilipokuwa mwanafunzi mwenyewe. Kanuni za mchoro wa maabara zinaruhusu ubapa huo, sina neno nazo, lakini sikuwa nikijua kwamba nimechagua kanuni; nilidhani ndivyo bika ilivyo.

Wiki ya sita tulitoka. Tulikwenda kwanza Forodhani, ambako Maalim alitufundisha mstari wa macho kwa njia ambayo ningependa kuiiba. Alituketisha ukutani na kututaka tutazame mahali ambapo upeo wa bahari unaukata mlingoti wa mashua iliyotia nanga. Halafu akatusimamisha, na upeo ukapanda nao, ukaukata mlingoti juu zaidi. Bahari haikuwa imejaa ghafla. Upeo hukaa daima katika kimo cha macho ya anayeangalia, na mistari yote ya ulalo iliyo juu ya kimo hicho, kadiri inavyokwenda mbali, hushuka kuuendea, na iliyo chini hupanda. Mchoraji asiye na bahari mbele yake hulazimika kuukisia mstari huo. Sisi tumejaliwa kuwa nao mwisho wa kichochoro.

Kutoka hapo tuliingia vichochoroni, na hapo ndipo kanuni zilipopata kiboko chao. Njia ya kuchora umbali kwa mistari inayokutana ilionyeshwa na Filippo Brunelleschi huko Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti akaiandika mwaka 1435. Ukitaka mistari yote ikutane katika nukta moja, unahitaji njia iliyonyooka na kuta zinazokwenda sambamba, na Mji Mkongwe hauna hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimevimba na kuinama, na kichochoro hupinda kila baada ya hatua chache, hivyo kila ukuta una nukta yake, ingawa nukta zote hukaa juu ya mstari ule ule wa macho. Nilichora mlango mmoja uliofunguliwa nusu kwa Jumamosi mbili, nikiwa nimekaa kwenye baraza iliyo mkabala, na mpaka leo ndio mchoro ninaoupenda kuliko yote, japokuwa vile vifundo vya shaba vya safu ya juu nilivihesabu vibaya.

Kuhusu mwanga na kivuli tulipewa yai jeupe juu ya kitambaa cheupe. Unapolitazama kwa macho yaliyofinywa, vijambo vidogo hupotea na unabaki na vipande vikubwa vya mwanga na giza, na hapo unagundua kwamba upande wa yai uliomo kivulini ni mweusi kuliko ulivyokuwa tayari kukubali. Chini ya yai pana mwangaza hafifu unaorudishwa na kitambaa, na sote tuliuchora ukiwa mkali mno, kwa furaha ya kuugundua. Nje, tatizo huwa jengine. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa, na katika kisiwa kilicho nyuzi sita tu kusini mwa ikweta hupanda juu upesi, hadi mapema mwezi wa Machi na tena mapema Oktoba kivuli cha adhuhuri hukaa chini ya nyayo. Maalim alitutaka tuzungushie mipaka ya vivuli katika dakika 20 za mwanzo na kuishikilia mipaka hiyo hata kama ukutani imekwisha kuhama. Usipofanya hivyo, mlango mmoja unakuwa na jua la saa tatu kushoto na la saa tano kulia.

Nizungumzie vifaa kidogo. Penseli zilizotolewa zilikuwa za HB, 2B, 4B na 6B, kuanzia ile ngumu kidogo hadi ile laini na nyeusi kuliko zote, na zilikuwa za kweli. Tangu Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa alipopata hataza mwaka 1795, penseli hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa grafiti na udongo, na kadiri grafiti inavyozidi ndivyo penseli inavyokuwa laini na nyeusi. Nilipopoteza 6B yangu nilinunua nyengine mjini, nami naapa ilikuwa HB iliyoandikwa 6B. Daftari nalo lilikuwa zuri, ila karatasi hunyonya unyevu wa hewa yetu, na wakati wa masika yangu ilikuwa ikichubuka kila nilipofuta. Sasa ninaiweka ndani ya mfuko wa plastiki, na ninainyanyua rangi ya penseli kwa kuugandamiza ufutio badala ya kuusugua.

Nina malalamiko matatu. La kwanza ni idadi: tulikuwa watu 14 katika chumba chenye dirisha moja, na waliokaa nyuma walichora yai chini ya taa ya dari, ambayo ililitia yai kivuli cha pili na kuliharibu somo zima. La pili ni mkono wa Maalim mwenyewe. Akiona kosa huichukua penseli yako na kulirekebisha juu ya karatasi yako, kwa ustadi mkubwa, nawe unarudi nyumbani na kikombe ambacho nusu yake si yako. Nilimwomba aonyeshe pembeni mwa karatasi, akakubali, na Jumamosi iliyofuata akasahau. La tatu ni wiki mbili za mwisho, ambazo zilikuwa za nyuso. Wapo kwetu wanaojizuia kuchora viumbe wenye roho, na Maalim, kwa heshima ambayo niliipenda, alimpa kila mtu hiari ya kuchora mmea badala yake. Lakini waliochagua nyuso aliwaruhusu wachore kutoka kwenye picha za simu. Kamera ina jicho moja, nayo imekwisha kuubapisha uso kabla mchoraji hajaanza kazi. Baada ya wiki nane za kuambiwa tuangalie, kuangalia huko tuliiachia simu itufanyie.

Pamoja na hayo, pesa yangu sijutii, na nikipata nafasi nitarudia wiki zile za kupima, ambazo nilizipita kwa uvivu. Ningemshauri anayetaka kujiandikisha afike saa tatu kasoro robo, ashike kiti cha dirishani na aulize mapema watu watakuwa wangapi. Anayetarajia kutoka na picha ya kutundika ukumbini baada ya mwezi mmoja atavunjika moyo.

Mimi katika wiki za mwisho nilichagua mmea, na kwa kuwa nimezaliwa Wete, Pemba, nilichagua kikonyo cha karafuu mbichi. Nilidhani ninaijua karafuu, kwani nimeichuma na kuianika majamvini tangu nikiwa mdogo. Ilinichukua saa nzima kuona kwamba yale meno manne yanayokizunguka kichwa hayajifungui sawasawa, na kwamba shina lake halina umbo la msumari ninalolichora siku zote bali lina pembe zilizolainika.

Muhula huu nilimpa kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili karafuu moja kavu na nikakiondoa kitabu. Nilipokuwa nikisahihisha nilikuta binti mmoja amechora meno matatu, na kalamu yangu nyekundu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi nilipoamua kwenda mezani kwake. La nne lilikuwa limevunjika.