Jeli ya akriliki inayong'aa: nimemaliza kopo zima kwenye mchoro mmoja

Kopo la mililita 500 limekwisha, na lote limeishia kwenye turubai moja. Nasoma sanaa mwaka wa pili, na sijawahi kumaliza kitu cha dukani kwa kasi hiyo, kwa hiyo naandika nikiwa bado naikumbuka vizuri.

Kwa ambaye hajaishika: jeli hii ni ile gundi inayobeba rangi za akriliki, ila hii haijatiwa rangi yoyote na imefanywa nzito. Kwenye kopo ni nyeupe kabisa. Ukiichota na kisu inasimama, haimwagiki. Maji yakishatoka, weupe unapotea na inabaki angavu kama kioo. Ndiyo maana hata rangi za akriliki zenyewe hukolea kidogo zikikauka, jambo lililonisumbua sana mwaka wa kwanza kabla sijaelezwa.

Kazi tuliyopewa ilikuwa mchoro dhahania unaotokana na vitu vyetu binafsi. Mimi nilichukua sanduku la ushonaji la marehemu mama. Ndani mna subana ya chuma, ile kofia ya kidole, bobini mbili ambazo bado zina uzi, vifungo visivyofanana, karatasi ya kukatia mikono ya shati yenye alama za chaki, na futi yake. Futi hiyo namba zake za mwanzo zimefutika, kuanzia 1 mpaka karibu 9, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akishika kila siku. Kuanzia hapo kwenda mbele namba ni nyeusi kama mpya.

Wiki mbili nilichora vitu hivyo kama vilivyo, kwa penseli tu. Kisha nikakata dirisha la sentimita 3 kwa 3 kwenye kadi ngumu nikawa nalisogeza juu ya michoro yangu mpaka kitu kipoteze jina lake. Subana ikabaki safu za vidoti. Ukingo wa mkono wa shati ukawa mlima mmoja mrefu. Hapo nilikuwa na maumbo, lakini nilipoyahamishia kwenye turubai kwa rangi peke yake yalikufa. Yalikuwa bapa mno. Mama hakuwepo humo.

Mwalimu wangu akanikumbusha kuwa mwaka 1912 mchoraji Picasso alibandika kitambaa kilichochapwa picha ya ususi wa kiti moja kwa moja kwenye mchoro wake, akauzungushia kamba halisi. Kwa nini nisibandike futi yenyewe? Jeli ingeishika bila shida, ni gundi nzuri kweli. Nilikaa na futi ile mkononi jioni nzima. Sikuweza. Kubandika ni moja kwa moja. Ikishakauka huitoi tena bila kuichana.

Ndipo kazi kubwa ya jeli hii ilipoanza, na ndiyo sababu nawashauri wanafunzi wenzangu muinunue: inachukua alama ya kitu na kukurudishia kitu chako.

Nilipaka tabaka la unene wa milimita 3 hivi, nikasubiri kama dakika 20 uso uanze kushika, nikabonyeza subana na kuinua palepale. Ukibonyeza mapema mno jeli inafuata chuma juu na kuacha vilele. Subana niliiosha kwa maji mara moja. Siku mbili baadaye tabaka lilikuwa angavu, na kila kidoti kimesimama mahali pake. Nikapitisha rangi ya udongo wa kuchoma iliyozimuliwa kwa maji, nikafuta kwa kitambaa. Ikabaki kwenye vibonde vinavyozunguka vidoti peke yake. Vile vidoti vya upande mmoja vilikuwa hafifu. Nilidhani nimekosea, nikachukua subana kuangalia: upande huo umelika kwa matako ya sindano. Miaka yote ile sikuwa nimeuona.

Futi niliipiga fotokopi. Unapaka jeli, unalaza fotokopi kifudifudi, unasugua kwa kiganja hewa itoke, unaacha ikauke kabisa, kisha unalowesha karatasi na kuiviringisha kwa kidole mpaka iishe. Wino unabaki ndani ya jeli. Lazima iwe fotokopi au printa ya wino wa unga. Printa ya wino wa maji inavuja. Na picha inageuka kama kwenye kioo. Mimi sikulifikiria hilo, namba zangu zikatoka kinyumenyume. Ningeweza kugeuza nakala na kurudia, lakini nilipoziangalia nilizipenda: hazisomeki upesi kama namba, zimekuwa alama, na zile zilizofutika zinaanza kama ukungu upande wa kulia na kukolea kuelekea kushoto. Niliziacha.

Kasoro zipo. Usikoroge kwa nguvu, viputo vinaingia na vitaonekana milele. Tabaka nene linanywea kidogo likikauka, na ukilifunika kabla weupe haujaisha ndani, ukungu unakaa muda mrefu mno. Mimi nilipoteza wiki kwa haraka yangu kwenye kona ya chini. Brashi ikikaukiwa nayo ndiyo basi, ioshe palepale au tumia kisu. Uso wake hubaki na unato kwenye joto, kwa hiyo usiegemeze turubai mbili uso kwa uso. Na usiipake juu ya rangi ya mafuta. Mafuta juu ya akriliki inawezekana, kinyume chake tabaka litabanduka.

Ile isiyong'aa nilijaribu pia. Kwa kazi ya tabaka nyingi siipendekezi hata kidogo, kwa sababu unga unaoondoa mng'ao unaleta ukungu, na tabaka la tatu lilikuwa limenifichia la kwanza. Tumia inayong'aa chini kote, na kama mng'ao unakuudhi, malizia na tabaka moja jembamba la isiyong'aa juu.

Mchoro wangu una tabaka saba. Mbele yake unaona kahawia, buluu na safu za vidoti, na ukisogea pembeni mwanga unaingia kati ya tabaka, namba zinaelea juu ya alama za chaki. Kitu pekee kilichobaki humo ni uzi wa bobini moja, kama urefu wa kidole, ulioanguka kwenye jeli mbichi nikauona ikiwa imeshakauka. Ni wa buluu. Vingine vyote vimerudi sandukuni, na futi nimeikunja jinsi alivyokuwa akiikunja yeye, namba zilizofutika zikiwa nje.