Uzoefu wangu katika darasa la kushona kwa nguo kuukuu, Mombasa

Nimemaliza kozi ya ushonaji inayofundishwa Mji wa Kale, ambamo mwanafunzi hanunui kitambaa kipya hata yadi moja. Kila kitu, kuanzia mfuko wa sokoni hadi tandiko la kitanda, hushonwa kwa jinzi za mitumba, leso (kanga) zilizochakaa, shuka zilizoondolewa hotelini na masalio yanayobaki chini ya meza za mafundi. Naandika kwa ajili ya wanaofikiria kujiunga, hasa akina mama na akina dada ambao, kama mimi, tayari wanashona kidogo nyumbani na wangependa kuwafundisha wenzao katika chama, yaani kikundi chao cha kusaidiana. Naipendekeza kozi hii kwa moyo wote, na sababu kubwa ni kwamba humo mtu hufundishwa kufumua kabla ya kufundishwa kushona.

Siku za mwanzo hakuna anayekalia cherehani. Kila mmoja hupewa suruali ya jinzi na wembe uliofungwa karatasi upande mmoja, akaambiwa aitenganishe vipande vyote bila kutoboa kitambaa. Ukianza na mguu wa suruali, unakutana na mshono uliokunjwa, kingo zake zikafichwa ndani, kisha ukapigwa mistari miwili ya uzi mzito, na hapo ndipo unapofahamu ni kwa nini jinzi huchakaa pajani au gotini kabla mshono haujaachia. Unaona mfuko ulivyotiwa kitambaa chepesi kwa ndani ili kiuno kisijae, unaona zipu ilivyolazwa na imeshikwa na tabaka ngapi. Msichana aliyekaa karibu nami alikuwa akivuta uzi kwa nguvu; mwalimu akasimama nyuma yake na kumwuliza kwa upole, "Mwanangu, hapo ulipovuta umekata uzi au umechana nguo?" Kisha akamwonyesha namna ya kukata uzi wa upande mmoja kila baada ya michomo mitatu au minne ya sindano, akageuza kitambaa, akauvuta uzi wa upande wa pili, nao ukatoka wote mzima. Kitambaa kilibaki na vitundu tu, ambavyo vilifumbana baada ya kufuliwa na kupigwa pasi.

Niliwahi kujifunza kwa fundi mwingine, ambako tulianza kwa kushona mistari iliyonyooka juu ya karatasi. Mistari yangu ilinyooka, ila sikujua nguo hujengwaje. Katika darasa hili nilifahamu mpangilio wa vazi zima, kipi hutangulia na kipi hufuata, kabla sijakanyaga cherehani.

Baada ya kufumua huja somo la kupima kitambaa, nalo limenifaa sana kila ninapokwenda soko la Kongowea kuchagua mitumba. Nguo huinuliwa dirishani, mwanga ukipita ndani yake, na mahali palipokonda huonekana mara moja na kuzungushiwa chaki ili pasikatwe kuwa sehemu ya kubeba uzito. Uzi mmoja huchomolewa na kuchomwa: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga mdogo mgumu. Rangi nayo hupimwa kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya nguo. Wengi wetu tumezoea kuloweka nguo katika maji ya chumvi tukiamini rangi itashika. Mwalimu hakulitegemea hilo hata kidogo, na nguo iliyotia doa kitambaa cheupe ilifuliwa tena na tena, au iliwekwa kando kwa kazi isiyochanganya rangi.

Somo la leso ndilo lililonigusa zaidi. Sisi watu wa Mombasa tunazinunua leso Mtaa wa Biashara zikiwa doti, yaani mbili zilizoungana, tunazipeleka kwa fundi azikate na kuzipinda, tunazivaa mpaka zipauke, kisha zinaishia kuwa nepi za mtoto na matambara ya jikoni. Ilhali leso iliyofuliwa miaka mingi ni pamba iliyokwisha kulainika na kusinyaa, kwa hiyo haisinyai tena baada ya kushonwa kama mpya. Darasani tulifundishwa kuikata kwa heshima ya mpango wake: mji, yaani sehemu ya katikati, unakuwa uso wa mto au wa mfuko, pindo linakuwa mikanda ya kubebea baada ya kuungwa kwa ndani na ukanda wa jinzi, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, halikatwi katikati ya neno, bali hukaa sawa mahali ambapo mtu anaweza kulisoma. Mwenzetu mmoja alileta leso ya bibi yake, yenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, jina la biashara iliyoanzishwa papa hapa Mombasa mwaka 1887. Ilikuwa imechanika katikati, lakini pindo lilikuwa zima pande zote nne. Mwalimu alisema isiguswe mkasi mpaka mwenyewe aombe ruhusa nyumbani, na ilipopatikana, pindo lote lilishonwa kuzunguka shuka nyeupe ya hoteli, na jina la leso likawekwa upande wa kichwani. Niliona fahari kuishika kazi ile.

Cherehani nyingi ni zile nyeusi za kukanyaga, na zimetunzwa vizuri. Tulitumia sindano nene, namba 16, kwa jinzi na nyembamba, namba 11, kwa leso, na penye tabaka nyingi mshono ulipondwa kwanza kwa nyundo ili sindano isivunjike.

Kazi ya mwisho ni mfuko wa sokoni, bidhaa yenye wateja wa hakika tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Mikanda hushonwa kwa mraba wenye mistari miwili inayokatana ndani yake, kisha mfuko hujazwa viazi na kuning'inizwa kwenye ndoano mpaka darasa limalizike. Mkanda ukiachia, unafumua na kurudia.

Upungufu upo, na mkubwa ni kwamba hatukufundishwa kupanga bei. Tulipouliza tuliambiwa tuangalie soko. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa katika kazi hii kitambaa ni rahisi na gharama yote ni muda wa mtu. Kufumua suruali moja kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kushona mfuko wenyewe, na mnunuzi hauoni muda huo, anaona nguo kuukuu na kutaka apunguziwe. Akina mama wanaokuja kutafuta riziki wanastahili kuondoka wakijua kuhesabu saa zao. Aidha, wanafunzi ni wengi kuliko cherehani, na anayepata zamu ya mwisho hubakiwa na muda mfupi wa mazoezi.

Somo la kufundisha wengine nalo halimo katika ratiba, lakini nililipata kwa kumtazama mwalimu. Hata mara moja hakuichukua kazi mikononi mwa mwanafunzi akaimaliza yeye. Alionyesha juu ya kipande chake mwenyewe, kisha akasubiri. Katika chama chetu Likoni nimeanza kufanya hivyo hivyo, na nimewaona wenzangu wakithubutu zaidi.

Ada ni shilingi 7,500 kwa kozi nzima, hulipwa kwa awamu mbili, na ndani yake mna uzi, sindano na nguo za kufumua. Kwa anayetaka kushona magauni ya harusi hii siyo kozi yake. Anayetoka ng'ambo ya Likoni aangalie muda wa feri, kwa sababu maelezo ya mwanzo hayarudiwi, na kila mmoja aende na mkasi wake wa kitambaa, kwani mikasi ya darasani hutumika pia kukatia karatasi na imekuwa butu.