Pedali ya Besi ya Kunguruma Kizamani: Itafute Nobu ya Blend Kwanza

Haya, karibuni tena. Niko Ganjoni, feni nimeizima isiingie kwenye maiki, kwa hivyo mkiniona natoka jasho, ni kwa ajili yenu.

Swali mnaloniuliza sana: nipate wapi ile sauti ya gitaa la besi ya miaka ya sitini na sabini, inayokwaruza kidogo lakini bado nene?

Sauti ile haikutoka kwenye pedali, kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti, jamani. Ilikuwa ampu, yaani kikuza sauti, ya valvu zile za kioo, imeelemewa. Ampu ya Ampeg B-15 ya 1960 haikuzidi wati 30, ukiipandisha kidogo tu ishaanza kunguruma. Ampu yao nyingine, SVT, ikaja 1969 na wati 300, na kabati lake lina spika nane za inchi 10. Sasa nani atalivusha hilo feri ya Likoni kwenda kupiga harusi? Ndiyo maana tunanunua kiboksi.

Cha kwanza hiki, Ibanez Tube Screamer, nimekiazima kwa mpiga solo wetu. Sikieni wazi kwanza... sasa nakikanyaga. Mmesikia? Sauti imesogea mbele, tumbo limepungua. Saketi yake hukoroga zaidi sauti zilizo juu ya hezi 720 hivi, na waya wetu wa E, ule mnene, ukiupiga mtupu ni hezi 41, chini sana ya hapo. Kwa gitaa la solo, raha. Kwa besi, utakuwa unaonekana jukwaani na husikiki.

Hii ya pili ni SansAmp Bass Driver ya Tech 21. Hapa nitakaa. Iangalieni nobu hii, imeandikwa Blend. Inachanganya sauti yako safi na ile iliyokorogwa, kwa hivyo uzito unabaki chini na mkwaruzo unapanda juu yake. Mimi Blend naiweka saa nane mchana (nobu ielekee ilipo 2 kwenye uso wa saa), na Drive, nobu ya kiasi cha mkwaruzo, saa nne asubuhi (ilipo 10), basi. Ukiwa peke yako chumbani utaona haitoshi, utaanza kuizungusha. Iache! Ngoma na kinanda vikiingia, mkwaruzo ule mdogo ndio unaokufanya usikike. Tena ina tundu la kwenda moja kwa moja kwenye mikisa, na kumbi zetu nyingi ampu ya besi hakuna.

Presence, nobu ya ukali wa sauti za juu, punguza. Nyuzi zikiwa mpya zinalia kama sufuria. Weka nyuzi bapa, zile laini zisizo na mikunjo, au zako kuukuu, na upigie kidole karibu na shingo.

Adapta nayo. Niliokota moja ya bei ya bure, tukawa katikati ya wimbo wa bango, muziki wetu wa harusi wa Pwani, besi inavuma kama friji, bibi harusi ananitazama mimi. Tafuta ya volti 9, yenye hasi katikati ya plagi, isiyovuma. Na jeki, vile vichwa vya waya, zifute, chumvi ya hapa haina huruma.

Sasa naipiga na ngoma. Vaeni hedifoni, spika ya simu haitawaonyesha kitu.