Mchezo wa Mashujaa: Ununue Kitabu Kipi Kama Si Wote Mnapenda Kupiga?

Kabla hujalipia kitabu cha mchezo wa mezani wa mashujaa (kila mchezaji huigiza shujaa wake, dadu huamua matokeo), fungua sura ya nguvu za ajabu uulize: anayemfunga adui kwa utando, kumpofusha au kumlaza usingizi anapata nini?

Jumamosi moja nyumbani Sinza, mdogo wangu alitumia zamu tatu kutandaza ukungu juu ya kivuko cha Kigamboni. Wenzake walipiga ngumi tu. Jambazi akaanguka kwa ngumi, ukungu haukuchangia hata pointi moja. Mtoto akasukuma karatasi yake chini ya bakuli la karanga, hakugusa dadu tena usiku ule. Tangu hapo napanga vitabu kwa kigezo hicho.

Cha kwanza kwangu ni Sentinel Comics. Dadu zilezile za kupigia ndizo za kumsaidia mwenzako au kumkwamisha adui: ukipata 4 hadi 7, unamwongezea mwenzako au kumpunguzia adui 2 kwenye dadu zake; ukipata 8 hadi 11, ni 3. Ukungu ungeingia moja kwa moja kwenye ngumi ya mwenzake! Dadu zake ni za pande 4 hadi 12, basi kama huna, tumia programu ya simu ya kurushia dadu.

Cha pili, Masks. Nguvu hazinunuliwi kwa pointi, wala hakuna pointi za uhai. Pigo huacha woga, hasira, hatia, kukata tamaa au kutojiamini, na adui naye huumia hivyohivyo. Dadu mbili za ludo zinatosha. Kwa vijana ningeanza na hiki.

Mutants & Masterminds kinahitaji uangalifu. Shujaa wa kawaida, ngazi ya 10, hujengwa kwa pointi 150, na kudhuru kunauzwa bei sawa na kumlemaza adui (kumfunga, kumpofusha, kumlaza): pointi 1 kwa kila daraja la nguvu. Ila majeraha hulimbikizana, kila moja likipunguza 1 kwenye kinga ya adui, wakati kulemaza hakulimbikizani mpaka ulipie nyongeza. Tena adui akishindwa vibaya kujikinga mara moja tu, pambano limekwisha, wenzako wanabaki wanatazamana. Sheria zake za msingi zipo bure mtandaoni, jaribuni kwanza.

Champions, cha tangu 1981, hutoza pointi 5 kwa dadu ya mlipuko na 10 kwa dadu ya kumfunga adui. Naiheshimu bei hiyo, lakini kuunda shujaa mmoja kunamaliza jioni.

Chochote utakachochagua, nunua PDF, kisha peleka steshenari wakuchapie sura ya nguvu peke yake.