Uzoefu wangu: nusu siku Athens na mwongoza watalii, kutoka Parthenon hadi mwamba wa Paulo

Mwezi wa tano nililipia matembezi ya nusu siku mjini Athens. Mada yake ndiyo iliyonivuta: kati ya Wagiriki wa kale na Ukristo, nani ametuachia zaidi? Nilikwenda jibu langu likiwa tayari. Nimekulia kanisani, kwaya na shule ya Jumapili, sikuona hata cha kubishaniwa.

Parthenon tuliipitia haraka. Ilianza kujengwa mwaka 447 K.K. kwa ajili ya mungu wao Athena, baadaye ikawa kanisa la Bikira Maria kwa karne nyingi, kisha msikiti wakati wa Waturuki, hadi mwaka 1687 ilipolipuliwa katika vita na Wavenisi. Mahali ni pale pale, wanaosali tu ndio waliobadilika.

Kilichonigusa ni Areopago, ule mwamba ulio chini kidogo ya hapo, ambapo Paulo alihubiri. Nilifungua Matendo 17 kwenye simu. Mama aliyetuongoza akatusomesha mstari wa 28: "Maana sisi sote tu wazao wake." Akauliza, maneno haya ni ya nani? Nikajibu, ya Paulo. Akatikisa kichwa: ni ya Arato, mshairi wa Kigiriki, na aliyekuwa akimsifu ni Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Mstari huo nimeusoma tangu utotoni, na humo humo Paulo anasema wazi kwamba anamnukuu mshairi wao, lakini sikuwahi kujiuliza shairi lile lilimhusu nani. Nilikaa juu ya jiwe nikausoma tena, mara tatu.

Tangu hapo nikaanza kuyapekua maneno yetu wenyewe. Askofu limetoka kwa Wagiriki, likapitia kwa Waarabu hadi kwetu. Injili vivyo hivyo. Hata karatasi!

Tulimalizia kwenye kanisa dogo la mawe lililo ubavuni mwa kanisa kuu, wanaliita Mikri Mitropoli. Usilikose. Kuta zake zimejengwa kwa marumaru zilizotoka kwenye majengo ya kale, na juu ya mlango kuna kalenda ya mawe yenye picha za sikukuu za Athens ya zamani. Waliojenga hawakuzitupa picha hizo. Walichonga misalaba katikati yake, wakaliweka jiwe mlangoni.

Sasa jibu langu ni hili: Ukristo ndio ulioshika maisha yetu, majina tunayowapa watoto, Jumapili, namna tunavyozika wafu wetu. Lakini ulitufikia ukiwa umebeba Ugiriki mgongoni, na Agano Jipya lenyewe liliandikwa kwa Kigiriki.

Kasoro zipo. Tangazo lilisema watu kumi na wawili, tukakuta ishirini na sita, na pale mwambani wa nyuma hawakusikia kitu. Pia habari ya mwaka 529, Kaizari Justiniano, Mkristo, alipopiga marufuku ufundishaji wa falsafa Athens, ilipitishwa kwa nusu sentensi. Mkristo kama mimi nilitaka kuisikia hiyo hasa, maana nayo ni yetu.

Naipa nyota nne. Ukienda, uliza idadi ya watu kabla ya kulipa, na vaa viatu visivyoteleza. Ule mwamba umesuguliwa na nyayo hadi unang'aa. Pandia ngazi za chuma, zile za kuchongwa ziache.